Asidi Huchoma au Hula? Uteuzi wa Kitenzi katika Maelezo ya Silikoni

Utangulizi

Makala haya yanachunguza kitenzi kinachofaa kuelezea kitendo cha asidi juu ya silikoni, elementi inayotengenezewa chipu za kompyuta na paneli za jua, zikiwemo za mtambo wa megawati 40 wa Langobaya, Malindi, ulioanza kazi mwaka 2021. Hoja yetu ni kwamba uteuzi huo si suala la umbuji tu, bali unagusa usalama wa msomaji.

Kitendo chenyewe

Pwani ya Malindi na Kilifi inatupa mfano wa karibu. Mchanga mweupe wa Watamu, kwa kiasi kikubwa, ni mabaki ya matumbawe na makombe. Ukiukamulia ndimu, hutoa mapovu na kulika. Mchanga unaoletwa na Mto Sabaki kutoka bara una silika nyingi, na punje za silika haziguswi na ndimu. Asidi inayoiweza silika ni haidrofloriki.

Silikoni nayo huondolewa kwa mchanganyiko wa asidi mbili. Asidi ya nitriki huigeuza silikoni ya juu kuwa silika; kisha asidi haidrofloriki huiyeyusha silika hiyo. Hatua hizi huendelea utando baada ya utando. Sehemu isiyotakiwa kuguswa hufunikwa kwa kinga. Hata hivyo, kwa kuwa mchanganyiko huu husambaa pande zote kwa kasi inayokaribiana, huingia pia chini ya ukingo wa kinga, na shimo likawa pana kuliko tundu lililoachwa.

Uchambuzi wa vitenzi

Kitenzi "kuchonga" kinadokeza mkono na chombo. Fundi wa milango ya nakshi hufuata mstari alioupiga. Asidi hupita chini yake. "Kuyeyusha" kinafaa hatua ya pili pekee, kwani silikoni sharti kwanza igeuzwe silika.

"Kuchoma" ndicho chenye hatari. Hubeba maana ya joto na maumivu ya papo hapo. Asidi haidrofloriki iliyozimuliwa yaweza kugusa ngozi isiume kwa saa kadhaa, ilhali inapenya ndani, inanasa kalisi ya mwili, inadhuru mifupa na hata kuvuruga mapigo ya moyo. Mwanafunzi aliyesoma kwamba asidi "huchoma" atasubiri maumivu. Akiyakosa, atajiona salama.

"Kula" kinabeba picha iliyo sahihi zaidi. Mpwani husema kutu imekula nanga, au bahari imekula ukuta: kitendo cha polepole, kimyakimya, kinachoanzia juu na kuingia ndani. Huenda ikadaiwa kwamba neno hili ni la kawaida mno kuwa istilahi. Jibu letu ni kwamba unyambuaji hulipa ubainifu: asidi hula, silikoni hulika, na mchakato wenyewe ni ulikaji.

Hitimisho

Tunapendekeza "kula" na vinyambuo vyake vitumiwe katika vitabu na katika maonyo ya maabara. Onyo laweza kuandikwa hivi: "Asidi hii hula mwili kabla ya kuuma. Ikikugusa, jioshe mara moja kwa maji mengi na umwone daktari upesi, hata kama husikii maumivu."