Joto, Chakula na Kifo cha Chatu Mchanga

Nyoka aliyefugwa anapokufa, wafugaji wake huitafuta sababu katika siku ile ya mwisho. Husema kwamba amekula panya mwenye sumu, au kwamba nyoka wa porini hakubali kuishi na watu. Mara nyingi dhana hizo hazina msingi. Mwili wa mnyama atambaaye hufanya kazi polepole na huugua polepole, na jambo linalomwua leo huenda lilianza majuma mengi nyuma, wakati alipoonekana mzima kabisa. Kwa mwalimu wa Baiolojia, kifo cha namna hiyo hakifai kutupwa jalalani pamoja na mzoga.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kila sehemu yake ni ya kawaida. Wanafunzi wa sekondari huko Hombolo, katika nyanda za kati za Tanzania, wameokota chatu mchanga karibu na bwawa lililojengwa mwaka 1957. Urefu wake ni kama sentimita 60. Wamemtia katika sanduku la mbao lenye wavu juu, na sanduku limewekwa kwenye sakafu ya saruji katika maabara. Tangu Machi hadi Mei anakula panya wadogo bila taabu, na mara mbili amejivua gamba vizuri. Mwezi wa Juni anameza panya siku ya Jumamosi. Jumatano anamtapika, akinuka vibaya, manyoya yakiwa bado mwilini. Wanafunzi, kwa huruma, wanampa panya mwingine. Naye anatapikwa. Baada ya hapo chatu anakataa chakula, anainua kichwa juu na kuacha kinywa wazi, mapovu yanaonekana midomoni, na katikati ya Julai anakutwa amekufa.

Ushahidi mkubwa katika habari hii ni yale manyoya. Panya aliyekaa tumboni siku nne naye hajameng'enywa anaonyesha kwamba tumbo lilikuwa limesimama kazi. Lililolisimamisha ni nini?

Watu wamezoea kumwita nyoka mnyama wa damu baridi. Jina hilo linapotosha. Chatu aliyeota jua asubuhi damu yake huweza kuwa na joto sawa na la mwanadamu au kulizidi. Tofauti iko katika chanzo cha joto. Mwanadamu, mbuzi na kuku hulitengeneza joto ndani ya miili yao kwa kukiunguza chakula. Nyoka hulipata kutoka jua, mwamba na udongo. Ndiyo sababu nyoka huweza kuishi majuma au miezi bila kula, kwa kuwa hana tanuri la kulilisha kila siku. Lakini gharama ya nafuu hiyo ni kwamba kemia yote ya mwili wake hufuata joto la mahali alipo.

Vimeng'enya vya tumboni vya chatu hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 30 hivi za Sentigredi. Kwa kadiri, joto likishuka kwa nyuzi 10, kasi ya kazi hiyo hupungua hadi nusu au theluthi. Katika joto la nyuzi 30 mlo wa wastani humalizika kwa takriban juma moja. Sasa mji wa Dodoma uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika Julai wastani wa joto la chini la usiku ni kama nyuzi 13 au 14, huku upepo mkavu ukivuma. Hombolo, iliyo jirani, haina tofauti kubwa. Sakafu ya saruji hulinyonya hata joto dogo lililobaki sandukuni. Vimeng'enya vya chatu hupooza, lakini bakteria waliomo katika matumbo ya panya hawangoji. Nyama huanza kuoza kabla haijameng'enywa, gesi hujaa, na mwili hujiokoa kwa kutapika. Pamoja na panya hutoka maji na asidi ya tumboni, nayo huuchubua umio katika kupita.

Udogo wa chatu uliongeza hatari. Hebu wanafunzi wafanye hesabu: nyoka akiwa mkubwa mara mbili kwa kila kipimo, eneo la ngozi yake huwa mara nne, lakini ujazo wake huwa mara nane. Kwa hiyo nyoka mdogo ana ngozi nyingi kwa kila gramu ya mwili, na kwa ngozi hiyo hupoteza joto upesi zaidi. Chatu wa meta nne hubaki na joto la jua mpaka usiku umekwenda. Wa sentimita 60 hupoa mara jua likitua.

Hapo mwanafunzi makini atauliza: mbona chatu wachanga wa porini hawafi wote kila Julai? Jibu ni kwamba chatu wa porini huchagua. Huingia katika shimo la mhanga au kichuguu kilichoachwa, na udongo wa kina cha nusu meta haubadiliki joto sana kati ya mchana na usiku. Siku za baridi huacha kula. Akiwa amekula, hutafuta jua. Sanduku lilikuwa na joto la namna moja tu kwa kila saa, na mlo ulikuja kwa ratiba ya wanafunzi. Kilichomwua hasa ni kunyimwa uchaguzi, wala si baridi peke yake.

Utafiti wa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, uliotangazwa mwaka 2018, unaonyesha jinsi joto lilivyo muhimu kwa vifaranga hao. Alichunguza chatu wa kusini mwa Afrika, ambaye anapatikana Tanzania pia. Jike huota jua nje ya shimo mpaka mwili wake unakaribia nyuzi 40, kisha hurudi kuyazungukia mayai. Rangi yake hubadilika kuwa nyeusi zaidi wakati huo, jambo linalosaidia kulipokea joto. Baada ya kuanguliwa, watoto hukaa karibu na tundu kwa muda wa kama majuma mawili, wakiota jua mchana na kulala usiku katika mizunguko ya mama yao. Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba nyoka wanaotaga hawana malezi ya watoto kabisa.

Kumeng'enya chakula, tena, ni kazi nzito kwa chatu kuliko wengi wanavyodhani. Wanafiziolojia wa Marekani, akiwamo Stephen Secor, walimchunguza chatu wa Burma na kuona kwamba baada ya mlo mkubwa matumizi yake ya oksijeni hupanda mara nyingi kupita yale ya mapumziko, utumbo huongezeka uzito karibu mara mbili, na katika siku mbili au tatu hata msuli wa moyo hukua. Nyoka aliyetapika ameshaanza kulipia ujenzi huo bila kupata chakula. Kumpa panya wa pili upesi kulimwongezea deni. Alihitaji maji safi, joto, na mapumziko ya majuma mawili angalau.

Yale mapovu ya kinywani yanaeleza sura ya mwisho. Nyoka hana kiwambo, yaani ule msuli utenganishao kifua na tumbo, na hawezi kukohoa kama mwanadamu. Kamasi ikikusanyika katika pafu haina njia rahisi ya kutoka. Ndiyo maana chatu aliinua kichwa na kupanua kinywa. Kinga ya mwili wake nayo hutegemea joto. Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake huko Michigan walitangaza matokeo ya kuwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani. Waliowekwa katika joto la nyuzi 34 walikufa kwa wingi. Waliowekwa karibu na nyuzi 40 walipona kwa wingi zaidi. Mijusi walioachwa huru kuchagua walikwenda wenyewe penye joto zaidi, wakajipatia homa. Chatu wa Hombolo hakuwa na pa kuipata homa yake.

Sababu nyingine zisisahauliwe. Utitiri wa nyoka hufyonza damu na huonekana kama chembe nyeusi kandokando ya macho. Dawa za kuua wadudu zinyunyizwazo chumbani ni hatari kwake. Panya hai aliyeachwa sandukuni usiku huweza kumtafuna nyoka aliyezizima. Tena wapo wanaokimbilia kuliweka sanduku juani chini ya bati: humo joto hupita nyuzi 45 upesi, na nyoka hufa kwa dakika chache badala ya majuma. Apashwe upande mmoja tu wa sanduku, kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, na upande wa pili ubaki wa ubaridi.

Lakini afadhali asiokotwe. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayemweka mnyama wa porini, na Afisa Wanyamapori ndiye wa kuulizwa kwanza. Aidha, kifutu mchanga hufanana na chatu kwa macho yasiyozoea, naye huzaliwa akiwa na sumu kamili. Atakayeushika mzoga au sanduku anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa nyoka wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua.

Jaribio la darasani

Wanga kidogo wa muhogo uchemshwe katika kikombe cha maji, kisha upoe. Mabomba manne ya majaribio yatiwe kiasi sawa cha maji hayo. La kwanza lisimamishwe katika maji ya nyuzi 15 (asubuhi ya Julai, maji ya mtungi uliolala nje yatafaa), la pili katika nyuzi 25, la tatu 37, na la nne 70. Zikipita dakika tano, kila bomba liongezwe matone sawa ya mate ya mwanafunzi yule yule. Kila baada ya dakika mbili tone moja litolewe na kuchanganywa na tone la iodini juu ya kigae cheupe. Rangi ya buluu nyeusi ikitoweka, wanga umekwisha; muda huo uandikwe. Baada ya nusu saa, bomba la kwanza na la nne yahamishiwe pamoja katika maji ya nyuzi 37. Wanafunzi wataona kwamba lililokuwa baridi linaanza kazi kwa kasi, na lililokuwa moto halianzi tena.