Somo kwa Makatibu: Mifumo Miwili, Daftari Moja

Kompyuta moja ya chama yaweza kuwekwa mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, katibu akachagua mmoja kila anapoiwasha. Hatari yake ni daftari kugawanyika: mapokezi ya mazao yakiandikwa upande mmoja na malipo upande wa pili, hesabu hazitalingana, na atakayepunjwa ni mwanachama.

Yafaa itengwe sehemu ya tatu ya diski iwe ghala la pamoja la faili zote za chama. Muundo wa ext4 wa Linux haufai, kwani Windows haiusomi bila programu ya ziada. FAT32 husomwa na pande zote mbili, lakini haipokei faili inayofikia GB 4. Muundo unaofaa ni NTFS, ambao Linux pia huusoma na kuuandika.

Katibu azingatie haya:

1. Kabla ya kuigawa diski, faili zote zinakiliwe nje.

2. Katika Windows, aondoe uwashaji wa haraka, ulioanza na Windows 8 mwaka 2012. Ukiachwa, kompyuta huonekana imezimwa ilhali Windows haijaliachia ghala.

3. Linux ikikataa kuandika ghalani, asiilazimishe, faili zisije zikaharibika. Arudi Windows na kuizima kabisa.

4. Ghala la pamoja si akiba. Diski ikifa, vyote hupotea. Nakala iwekwe katika diski nyingine na kufungiwa kabatini.

Swali la kujadiliwa: Nakala ya daftari la chama chenu iko wapi, na ilikaguliwa lini?