Jirani wa Bondeni

Jumapili ya 15 ya Mwaka C twasomewa katika Misa habari ya Msamaria mwema (Luka 10:25-37). Wengi wetu twaijua tangu katekisimu, na labda ndiyo sababu twaisikiliza kwa sikio moja. Tuitazame tukiwa hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Yule mwana-sheria hakuuliza namna ya kupenda. Aliuliza jirani yake ni nani. Alitaka apewe mpaka. Bwana wetu akamjibu kwa habari ya njia iteremkayo, kutoka Yerusalemu mlimani hata Yeriko bondeni. Nasi tunayo njia ya namna hiyo, nayo ni maji. Mto Ruvu wapata maji yake katika mabonde ya Uluguru, wateremkia tambarare, na kabla haujafika baharini karibu na Bagamoyo wachotwa kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam. Udongo uliomomonyoka shambani Matombo hufuata njia hiyo, na dawa ya wadudu iliyobaki katika bomba lililosuuzwa kijitoni huifuata pia. Anywaye maji hayo hatumwoni uso, lakini ni jirani.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kuuhifadhi udongo huo kwa amri. Tangu mwaka 1950 Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Je, hawakuipenda ardhi yao? Sisi hatuoni hivyo. Huko Mgeta wakulima wa mboga walima kwa ngazi hata leo, wala hakuna askari anayewasimamia.

Sasa tunayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, izuiayo shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sheria njema. Lakini mwenye kishamba chembamba alichopewa na ukoo wa mama yake, nacho chote kimo ndani ya mita hizo, afanye nini? Kumwambia aache tu, kisha tukaenda zetu, ni kupita kando. (Na sisi mapadre tukumbuke kwamba wa kwanza kupita alikuwa kuhani.) Msamaria hakutoa shauri, alitoa mafuta, divai, mnyama wake, na dinari mbili.

Basi swali lina upande wa pili. Afunguaye bomba mjini, jirani yake wa mlimani ni nani? Katika Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima waliochimba matuta na kupanda miti, na shirika la maji la Dar es Salaam lilikuwa miongoni mwa waliotoa fedha. Hizo zilikuwa dinari mbili za kweli. Ila Msamaria aliahidi pia kurudi na kulipa kitakachozidi. Mipango yetu mingi hutoa dinari, isirudi.

Jioni ya leo, baba au mama aisome Injili hii mezani, kisha awaulize watoto: maji yapitayo kwetu yatoka kwa nani, na yanakwenda kwa nani? Wapeni nafasi ya kujibu kwanza.