Sufuria ya Ugali Ndiyo Mtihani wa Vanishi

Kuanzia Mbita hadi Isebania, meza ya jikoni haipumziki: samaki huparwa hapo, watoto huandikia hapo, na sufuria hutuliwa hapo ikitoka motoni. Seremala anajibu maswali ya wasomaji.

Nilinunua meza inayong'aa kama kioo. Baada ya miezi mitatu ina miduara myeupe kila palipokaa kikombe cha chai. Mbao ni mbovu? (Homa Bay)

Mbao haina kosa. Inaelekea ilipuliziwa laka. Karakana nyingi huipenda kwa sababu hukauka kwa dakika chache, meza ikauzwa siku hiyo hiyo. Lakini laka haivumilii joto: mvuke wa kikombe hupenya na kunaswa ndani yake, ndio weupe unaouona. Ukitaka kuhakikisha, chovya kitambaa kwenye thina, usugue kidogo mahali pasipoonekana. Ikilainika na kunata, hiyo ni laka.

Sasa nipake nini? (Rongo)

Vanishi ya poliurethani ya kupaka kwa brashi, tabaka tatu, ukipitisha msasa namba 240 baina ya tabaka. Ile ya kuchanganya makopo mawili ni ngumu zaidi, ila ikichubuka ni shida kuitia kiraka. Mafuta ya linsidi ni rahisi kurudishia, lakini maji yakikaa juu yake huacha alama. Ukiyatumia, vitambaa vyake vitandaze nje vikauke. Vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe.

Fundi ananiambia saiprasi haishiki vanishi. Kweli? (Migori)

Inashika, mradi imekauka. Mbao mbichi husinyaa na kupasuka, na vanishi hupasuka nayo. Kisha usipake juu tu. Upande wa chini ukiachwa mtupu hunyonya unyevu peke yake, ubao ukajikunja. Ncha za mbao ziongezee tabaka, maana ndizo hunywa maji kuliko sehemu nyingine.

Masika yamefika. Nisubiri? (Mbita)

Si lazima. Ngoja saa za mchana, mvua ikiwa imekatika na mbao haina umande.

Na nitaanza kuitumia lini? (Awendo)

Kesho yake utaigusa bila kunata, lakini haijakomaa. Ipe wiki tatu hadi nne kabla ya kuitandikia plastiki au kuisugua kwa maji. Sufuria ya ugali nayo itue juu ya kibao, leo na hata mwaka ujao. Kibao kikiungua, unachonga kingine jioni moja.