Gari Linamisi Leo, Kesho Limetulia: Tuchunguze Kabla ya Kununua Spea

Ndugu zetu wa vikundi, somo la safari hii si la kuku wala la sukuma ya gunia. Ni la gari. Hapa Kawangware, na Kibera vilevile, wako wanakikundi walioweka akiba, wakakopa kidogo, wakanunua pikapu iliyokwisha kutumika. Gari la namna hiyo ni mali ya watu ishirini au thelathini. Likilala, wote wamelala njaa. Na ugonjwa unaokula pesa za kikundi kimyakimya ni huu madereva wanaouita kumisi: injini inanguruma vizuri, ghafla inakatakata, inatetemeka, inakosa nguvu mlimani, halafu inatulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ugonjwa unaokuja na kwenda hauponi kwa kununua spea. Ni lazima ukamatwe ukiwa upo.

Kumisi ni nini? Injini nyingi za petroli tulizo nazo zina silinda nne. Kila silinda inataka vitu vitatu: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kipimo, mgandamizo wa pistoni, na cheche ya plagi kwa wakati wake. Ni kama mafiga. Ukiondoa moja, sufuria inamwagika. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka mara 800 kwa dakika, kila plagi inatoa cheche mara 400 katika dakika hiyo. Ikifika mizunguko 3,000, ni mara 1,500. Chache tu zikikosekana, dereva anazisikia kwenye kiti chake. (Dizeli haina cheche, kwa hiyo leo tunaiacha.)

Sasa, mgandamizo ukipotea, kwa mfano valvu imeungua, silinda ile kwa kawaida itamisi asubuhi na jioni, leo na kesho. Kwa hiyo gari linalomisi saa moja na kutulia saa nyingine, shuku umeme kwanza, kisha mafuta.

Kikundi kimoja cha hapa Kabiro kilikuwa na pikapu ya kuleta kabichi na viazi kutoka Limuru. Dereva alitoka saa kumi na moja alfajiri, na kule juu kuna ukungu, hasa kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Gari linakatakata njia nzima. Saa nne amerudi, mzigo umeshushwa, analipeleka kwa fundi wa jua kali. Fundi anawasha: injini imetulia tuli. "Hii gari sioni shida yake, lakini wacha tubadilishe plagi." Plagi zikanunuliwa. Wiki iliyofuata koili. Baadaye pampu ya mafuta. Mweka hazina anaandika, mwenyekiti anatia sahihi, na alfajiri gari linamisi vilevile. Hatuwezi kumlaumu fundi peke yake, maana aliletewa mgonjwa aliyekwisha pata nafuu.

Kilichomaliza kesi ni daftari la shule. Dereva aliambiwa aandike kila mara gari likimisi: ni saa ngapi, ni wapi, kuna mvua au jua, limebeba au ni tupu, injini ni baridi au imepata moto, tangi lina mafuta kiasi gani. Baada ya wiki mbili kila mtu aliona mwenyewe. Lilimisi alfajiri penye unyevu, mchana hata mara moja. Fundi akaja jua halijachomoza, akafungua boneti gizani, akanyunyizia waya za plagi maji kidogo kwa chupa ile ya kupigia nguo pasi. Cheche za buluu zikaonekana zikiruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma. Waya zilikuwa zimezeeka na kupasuka, umeme unatorokea njiani.

Daftari likijaa, litasoma hivi. Likimisi penye unyevu, angalia waya za plagi na kifuniko cha distributa kama kina ufa. Likimisi baada ya kupata moto na kupona likipoa, shuku koili, au kile kifaa cha umeme kinachoiendesha. Likimisi mlimani na mzigo lakini tambarare liko sawa, huenda cheche ni dhaifu, nafasi ya plagi imepanuka, au filta ya mafuta imeziba. Na likimisi kwenye mashimo (nasi mashimo tunayo), usinunue chochote kwanza. Kaza vichwa vya betri, fuata waya wa athi mpaka pale unapofungwa kwenye bodi, tikisa kila plagi ya waya moja baada ya nyingine. Mara nyingi ni kutu au skrubu iliyolegea.

Jaribio tunalolipenda kuliko yote halina gharama, nalo ni la kubadilishana. Lifanywe wakati gari linamisi. Kwanza tafuta silinda iliyo mvivu. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uvike plagi ya ziada iliyogusa vizuri chuma cha injini ili umeme upate pa kwenda, halafu washa. Injini ikizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, umemkamata mvivu. Tunarudia: zima kwanza, na hakikisha hakuna petroli inayovuja. Umeme wa plagi unaweza kupita volti 20,000, na cheche moja inatosha kuwasha gari zima.

Ukishajua kwamba mvivu ni silinda ya pili, hamisha plagi yake uipeleke ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Kumisi kukihamia ya tatu, mbovu ni plagi. Kukibaki pale pale, hamisha waya kwa namna hiyo hiyo, kama urefu unaruhusu. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukibadilisha vitatu pamoja gari likapona, hujui ni kipi kilichokuponyesha, na umelipia viwili vya bure.

Plagi ikiwa mkononi, isomeni. Rangi ya kahawia iliyofifia ni afya. Masizi makavu ni mafuta kuzidi hewa. Nyeusi yenye oili ni ringi au valvu, na hapo akiba iwe tayari. Nyeupe sana ni hewa kuzidi mafuta, labda mpira wa hewa umepasuka. Kama kuna mstari mwembamba mweusi kwenye kauri yake kama wa penseli, hiyo ndiyo njia ambayo umeme unapita kuikwepa kazi.

Likimisi mara tu baada ya kujaza mafuta, au tangi likikaribia kuisha, chota petroli kidogo katika chupa ya kioo, mbali na jiko na sigara, uiache itulie. Maji ni mazito, yatakaa chini na utayaona. Mafuta taa yaliyochanganywa hayaonekani hivyo. Tabia hiyo ilienea hata mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuikomesha. Andikeni mlikojaza.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane, na mengi yanayotoka Japani sasa hayana distributa. Kila plagi ina koili yake, na kompyuta inaweka kumbukumbu. Fundi mwenye mashine ya kusoma atakuta P0300, yaani silinda zinamisi bila mpango, au P0301 hadi P0304, ambapo tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda. Wengi wanakosea hapa. P0302 haisemi "nunua koili." Inasema silinda ya pili inamisi, basi. Koili ya pili na ya tatu zibadilishane, kumbukumbu ifutwe, gari liendeshwe. Ikirudi P0303, koili imejisema yenyewe. Taa ya injini ikipepesa, punguzeni mwendo na kusimama mapema, kwa sababu petroli isiyoungua inaharibu kile kifaa cha kusafisha moshi, na bei yake si mchezo.

Kabla mtu hajatumwa Kirinyaga Road kununua spea, kamati imuulize fundi: umeijaribuje hii ya zamani ukajua ni mbovu? Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Spea ya zamani irudishwe kwenye kikundi, iandikwe tarehe, iwekwe kwenye boksi. Ikitokea kwamba haikuwa mbovu, mna akiba.

Maswali ya kuzungumzia kikundini: Nani kati yenu anashika daftari la gari, na je, dereva anaruhusiwa kuandika ukweli bila kuogopa kukatwa mshahara? Spea tatu za mwisho mlizolipia, ni ipi iliyojaribiwa kabla ya kutupwa?