Mazungumzo juu ya Shutuma za Kingavirusi

Mwanafunzi: Mwalimu, kingavirusi inapoliita faili virusi, mtumiaji atajuaje kama imesema kweli au imekosea?

Mwalimu: Ifahamike kwanza, mwanangu, kwamba kingavirusi hutoa shuku, kwa kuwa hulinganisha faili na vipande vya msimbo vilivyokwisha kuonekana katika virusi vya zamani, na pale visipopatikana hukisia kutokana na umbo na mwenendo wa faili lenyewe. Faili salama likishutumiwa kwa njia hiyo, kosa hilo huitwa chanya ya uongo, nalo laweza kuleta hasara kubwa: tarehe 21 Aprili 2010 masasisho ya kingavirusi ya McAfee yalilihesabu svchost.exe, faili halali la Windows XP, kuwa virusi, na kompyuta nyingi zikawa zinazima na kuwaka tena bila kukoma.

Mwanafunzi: Je, si busara basi kulipeleka faili kwenye tovuti ya VirusTotal, ambako injini nyingi hulipima kwa pamoja, kisha kufuata wanavyosema wengi?

Mwalimu: Kulipeleka ni vyema, ila kuhesabu kura hupotosha. Injini, yaani kiini cha programu kinachofanya upimaji, si zote zinazojitegemea, kwa sababu kampuni kadhaa hutumia injini ya Bitdefender kwa leseni, hivyo shutuma sita zenye jina lilelile huenda zikawa sauti moja iliyorudiwa. Tena virusi vilivyoundwa leo huweza kupita mbele ya injini zote pasipo hata moja kushtuka. Kinachostahili kusomwa ni jina la shutuma, maana jina la jumla lenye alama kama Gen au Heur mara nyingi huonyesha kukisia, ilhali jina la ukoo mahususi wa virusi, likitajwa na injini zisizo na uhusiano, lina uzito zaidi. Na mtu asipakie huko mikataba wala taarifa za wagonjwa, kwani faili likishapakiwa hushirikishwa na kampuni za usalama. Badala yake alitafute faili huko kwa heshi yake, yaani mfuatano wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutokana na maudhui ya faili.

Mwanafunzi: Na faili likiwa na saini ya dijitali ya mtengenezaji, hoja haijaisha?

Mwalimu: Haijaisha. Saini hiyo huthibitisha kwa hisabati kwamba faili lilisainiwa kwa ufunguo wa siri wa mtengenezaji na halijabadilishwa tangu hapo, lakini haithibitishi kwamba mtengenezaji hakuvamiwa. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010, ilitumia vyeti vya kusainia vilivyoibwa vya kampuni za Realtek na JMicron, na mwaka 2017 toleo 5.33 la programu ya CCleaner lilisambazwa na mtengenezaji mwenyewe, likiwa na saini halali, huku ndani yake mkiwa na msimbo wa wavamizi.

Mwanafunzi: Basi mtu ashike lipi?

Mwalimu: Ashike asili ya faili na historia yake. Programu iliyopakuliwa kwa mtengenezaji, yenye heshi inayolingana na aliyoitangaza, ikakaa muda mrefu bila kubadilika na kushutumiwa ghafla mara tu baada ya masasisho ya kingavirusi, ina dalili zote za kuonewa. Vivyo hivyo kazi ya mwanafunzi iliyofungashwa kwa PyInstaller, kifungashio cha programu za Python ambacho waunda virusi nao hukitumia. Lakini programu ya kulipia iliyovunjwa leseni, iliyokuja kwa flashi isiyojulikana itokako, na ambayo maelekezo yake yanamtaka mtumiaji azime kingavirusi kwanza, haistahili kutetewa hata kama imeshutumiwa na injini moja tu. Wengi hudai chanya ya uongo kwa sababu wanaitamani programu, na tamaa haijawahi kuwa ushahidi.

Mwanafunzi: Uchunguzi ukiwa haujakamilika, faili lifanyweje?

Mwalimu: Likae karantini, mahali linapofungiwa lisiendeshwe lakini lisifutwe, na nakala yake ipelekwe kwa kampuni ya kingavirusi ili wataalamu walichunguze, kwani kampuni kubwa, Microsoft ikiwamo, zina utaratibu wa kupokea mafaili ya namna hiyo. Ulinzi usizimwe kwa ajili ya faili moja, wala folda nzima isiruhusiwe. Ruhusa itolewe kwa faili hilo peke yake, baada ya jibu kupatikana, na jibu lisipopatikana faili libaki karantini.