Taa ya Breki Inajua Nini?

Taa ya breki haina jicho. Haioni pedi, haipimi unene wake, wala haijui kama gari liko kwenye lami ya Makiso mjini Kisangani au limezama kwenye tope la RN4, njia ya kwenda Bafwasende na Nia-Nia. Inachojua ni jambo moja tu: katika waya fulani umeme unapita, au umekatika. Kazi ya anayetafuta ugonjwa wa gari ni kuuliza kilichoufanya umeme upite au ukatike. Jibu linaanzia mbali kidogo na dashibodi, kwenye kazi ya breki yenyewe.

Mwendo hugeuka joto

Gari linalokwenda lina nishati. Chukua nusu ya uzito wake kwa kilo, zidisha kwa kasi, kisha zidisha tena kwa kasi ileile. Gari la kilo 1,500 likienda kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde, lina takribani jouli 208,000. Nishati haipotei. Ili gari lisimame, lazima nishati hiyo iende mahali pengine, na breki huigeuza kuwa joto. Joto hilo lingetosha kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 75 za Selsiasi, na sehemu kubwa yake huzaliwa kwa sekunde chache kwenye diski na pedi za mbele. Kasi ikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Joto huzaliwa kwa msuguano. Mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria mjini Kisangani, hubana ukingo wa gurudumu kwa vipande viwili vya mpira. Gari nalo hubana diski ya chuma kwa pedi mbili, ambazo makanika wa huku huziita plaketi. Kitu laini ndicho kinacholika, na imepangwa hivyo makusudi, kwa kuwa pedi ni rahisi kubadilisha kuliko diski. Pedi mpya huwa na milimita 10 hivi za kitu cha msuguano, kilichogandishwa juu ya bati la chuma.

Kisangani iko kwenye uwanda, takribani mita 400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo gari linalozunguka mjini halichomi pedi kama lile linaloshuka milima ya Butembo. Adui wa hapa ni tope. Mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na chembe za mchanga zilizomo kwenye udongo mwekundu hujipenyeza kati ya pedi na diski na kuzisaga zote mbili. Tope likiingia kwenye pini ambazo kalipa, kifaa kinachobana pedi, huteleza juu yake, kalipa hunata. Hapo pedi ya ndani inaweza kuisha kabisa wakati ya nje bado ni nene.

Nguvu ya mguu na mafuta ya breki

Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba shinikizo linalotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Breki za gari zimejengwa juu ya kanuni hiyo. Tuseme pistoni ya silinda kuu, ile inayosukumwa na kanyagio, ina eneo la sentimita za mraba 4, na pistoni ya kalipa ina 20. Nguvu inayofika kwenye pedi itakuwa mara tano ya ile iliyosukuma silinda kuu. Malipo yake ni kwamba pistoni ndogo lazima isafiri umbali mara tano. Haya yote yanawezekana kwa sababu kimiminika hakibonyei. Mvuke hubonyea; kwa hiyo mafuta ya breki yakichemka, kanyagio huzama na gari haliitikii.

Sasa tazama kinachotokea pedi zinapolika. Pistoni hutoka nje zaidi kufuata pedi, na nafasi inayoachwa nyuma yake hujazwa na mafuta kutoka kwenye kopo lililo chini ya boneti. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 54 ina eneo la karibu sentimita za mraba 23. Pedi zote mbili za gurudumu zikipungua milimita 8 kila moja, pistoni imesogea milimita 16, na mafuta yaliyoingia ni mililita 37 hivi. Kwa magurudumu mawili ya mbele ni zaidi ya mililita 70. Kiwango cha kopo kimeshuka, na hakuna tone lililovuja.

Taa mbili, habari mbili

Taa nyekundu yenye duara na alama ya mshangao husikiliza vitu viwili hasa: breki ya mkono, na boya linaloelea ndani ya kopo la mafuta. Boya likishuka, swichi huwasha taa. Kwa hiyo taa hii inaweza kuwaka kwa sababu pedi zimelika, lakini pia kwa sababu bomba limepasuka.

Taa nyingine, mara nyingi ya rangi ya chungwa, ni duara lenye vistari vilivyokatika pembeni. Hiyo ni ya pedi. Ndani ya pedi kuna waya. Unene ukibaki milimita 2 au 3, diski huukata au huugusa, na taa huwaka. Magari mengi huwa na kihisi hiki kwenye gurudumu moja tu la kila ekseli, kwa hiyo gurudumu la pili linaweza kuwa limeisha mapema bila taa kujua. Na magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani hayana waya huo kabisa. Yana kibati cha chuma kinachogusa diski na kupiga mluzi. Kwenye magari hayo, sikio la dereva ndilo kihisi.

Utaratibu wa kupima

Kwanza, washa swichi bila kuwasha injini. Taa nyekundu inapaswa kuwaka, na kuzima injini ikishawaka na breki ya mkono ikishaachiwa. Isipowaka kabisa, huenda balbu imekufa, na ukimya wake hauna maana yoyote.

Pili, angalia ni lini inawaka. Ikiwaka kwenye kona au unapokanyaga breki kwa nguvu kisha ikazima, mafuta yamefika karibu na mstari wa chini na yanayumba ndani ya kopo.

Tatu, soma kiwango cha kopo kwa nje, kati ya MIN na MAX. Usiongeze kitu bado.

Nne, simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, inua kwa jeki na uweke stendi. Fungua magurudumu yote na upime pedi ya ndani na ya nje, ukihesabu kitu cha msuguano peke yake bila bati. Ikiwa moja imefika milimita 3, badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, safisha pini za kalipa na weka kihisi kipya. Vumbi la pedi lioshe kwa maji, usilipulize: pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na asbesto huua mapafu.

Majibu yanayopatikana ni matatu. Pedi nyembamba na mafuta yaliyoshuka vinaelezana. Pedi nene na mafuta yaliyoshuka maana yake ni uvujaji. Gari hilo lisiende popote hadi palipovuja papatikane. Pedi nene na kopo lililojaa huelekeza kwenye waya uliokatika, kiungio kilichojaa tope, au boya lililozama.

Ndiyo maana kujaza mafuta ili taa izime ni kosa la hatari. Boya hupanda, taa hunyamaza, na pedi zinaendelea kuisha. Siku pistoni zinaporudishwa ndani ili pedi mpya ziingie, mafuta yaliyozidi humwagika na kula rangi ya gari. Mafuta yanapohitajika kweli, tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka kwenye chupa iliyofungwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa: DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwa nyuzi 140. Hewa ya Kisangani ina unyevu mwingi, na chupa iliyokaa wazi rafuni haifai tena. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe; huvimbisha mpira wa silinda na kuharibu mfumo mzima.

Kusokota waya mbili ili taa ya pedi izime ni hatari ileile kwa njia nyingine. Basi anayelipia matengenezo aombe kupewa pedi za zamani, azipime kwa rula mbele ya makanika, na alinganishe ya ndani na ya nje. Makanika mwaminifu atafurahi kuulizwa. Na zikitofautiana sana, kalipa ilikuwa inanata: pini zake zisiposafishwa, pedi mpya zitakwenda njia ileile.